Mwalimu wa Neva na Mzigo wa Kurudi

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sina, na sikuwahi kuzitafuta. Kwangu mimi mtu huyu alianza siku niliyomkuta ubaoni, amevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, ameshika chaki kama mtu aliyeshika sindano. Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu. Watu wa Tabora mjini, waliomwona akipita na kichwa cha mbuzi ndani ya kikapu, walimwita Mwalimu wa Neva, na hilo hakulikataa.

Alifundisha madresa katika hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji, upande wa njia iendayo Kigwa. Wakati ule wa Mwingereza dresa ndiye aliyefunga vidonda, akagawa kwinini na kuchoma sindano, na wakubwa wengi waliona kwamba kazi hiyo haidai elimu. Mwalimu aliona vingine. Alikuwa na chumba kimoja, ubao mmoja, hadubini moja ya shaba, na hofu moja iliyomkondesha: kwamba ipo siku wakubwa watalifunga darasa lake na kumrudisha chumba cha vidonda.

Hakuwa akiogopa vidonda. Zamani kidogo, mama mmoja kutoka vijiji vya Kigwa alimletea mtoto ambaye mguu wake ulikuwa ukiburuta. Mtoto alikuwa amechomwa sindano ya tako na mtu wa kuzunguka na mkoba, asiyejua kwamba ndani ya tako hupita neva nene kama kidole. Mguu ule haukupona. Tangu hapo Mwalimu aliapa kwamba hakuna dresa atakayetoka mikononi mwake kabla hajajua neva zimeumbwaje na zinapita wapi. Darasa likifungwa, alisema, sindano hazitafungwa. Zitaendelea kuchomwa, ila na vipofu.

Mimi ninayeandika ni zao la darasa hilo, na sioni haya kusema kwamba ni zao bora. Niliingia nikitoka kulima karanga kwa baba yangu. Nikatoka nikaenda Uganda, na nikarudi na diploma yenye muhuri mwekundu, wa kwanza katika vijiji vyetu vyote, vya Wakatoliki na vya Wamoraviani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala chifu aliyeniombea. Watu wanaoniuliza siri ya mafanikio yangu huwa nawajibu kwamba ni kichwa changu mwenyewe, kisha nawatajia Mwalimu.

Mafundisho yake yote yalipita njia ya misafara. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka bara mpaka pwani, na Mwalimu hakuona sababu ya kutafuta mfano mahali pengine.

"Habari haina miguu," alikuwa akisema. "Habari hubebwa. Kwa hiyo niambieni: nani kabeba, kapita njia gani, kampokeza nani?"

Ukimjibu maswali hayo matatu umefaulu, hata kama somo lilikuwa kuhara. Akichora seli ya neva alianza na duara. "Hapa ni kambi. Katikati hema la mkuu, ndicho kiini. Matawi haya mafupi ni wapokeaji, wamesimama nje ya kambi wanasikiliza. Na uzi huu mrefu ndiyo njia ya kutokea." Siku ya kwanza uzi ule alianza kuuchora ubaoni, ubao ukaisha, akaendelea ukutani, akatoka mlangoni chaki ikikwaruza boriti, nasi tukamfuata mpaka uani kama kuku wanaofuata mahindi. Akageuka. "Seli moja hiyo. Kambi yake mgongoni, uzi wake unafika kidole gumba cha mguu. Mkimwona mtu mfupi msimdharau." Sista mkuu wa hospitali alilalamikia ukuta, lakini sisi hatukusahau tena.

Wengine hufundisha neva peke yake wakaiacha nyama inayoizunguka. Yeye alisema msafara hauendi kwa wapagazi tu. Wapo wapishi, wapo wachota maji, wapo walinzi. Ndani ya ubongo pia, alisema, zimo seli za kulisha, za kushikilia na za kusafisha. Hazibebi habari yoyote, lakini ziondoe, halafu ungoje habari ifike. Na ule uzi mrefu umezungushiwa ala ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Kwa hilo alitupa fito na bandeji, kila mtu afunge yake, akiacha upenyo kila baada ya hatua fupi, kwa sababu ndivyo ala ilivyo. Ufito wangu ulikuwa mzuri kuliko yote. Aliutundika juu ya dirisha, na nimeambiwa ulikaa pale miaka mingi.

Kichwa cha mbuzi kilitoka kwa mchinjaji wa mtaa wa Ng'ambo, Mwislamu, ili asiwepo mwanafunzi wa kukataa kula. Maana somo lile liliishia chunguni. Asubuhi alikata uti wa mgongo kwa wembe, kama mtu akataye muhogo, akatuonyesha kijivu chenye umbo la kipepeo katikati ya weupe. "Kijivu ni makambi, weupe ni barabara," akasema. "Kwenye ubongo wamegeuza, makambi yako nje, barabara ndani." Mchana mkewe aliupika ubongo kwa nyanya na karanga. "Somo halitupwi," alisema akimega ugali. Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki wa kweli, somo la ubongo halikufundishwa Ijumaa, siku isiyoliwa nyama.

Hadubini ndiyo aliyoitunza kuliko viatu vyake. Kioo cha neva, kile kinachowekwa chini ya lenzi, kilikuwa kimoja, kimepasuka pembeni, kimetiwa rangi ya fedha, na ndani yake seli moja ilionekana vizuri kuliko zote, nyeusi, yenye matawi yaliyokunjamana. Ilitubidi kuiamkia kabla ya kuitazama.

"Shikamoo," unasema, umeinama jicho kwenye shaba.

"Marahaba," Mwalimu anaijibia. "Imekuwa humo tangu hujaingia shule, mwanangu. Iheshimu."

Uganda nimetazama vioo vya kujaza sanduku. Siku ya kwanza niliamkia, na mwenzangu wa meza akanitazama sana. Nilimwacha na mshangao wake, na kwenye mtihani nilimwacha na mengine.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Mtu aliyejua neva zote aliogopa sindano kuliko watoto. Walipokuja wachanja ndui, alipotea. Sista alimkuta stoo, nyuma ya gunia la pamba, amekaa kwa adabu kama mtu anayengoja treni.

"Mwalimu, wewe unazijua neva zote."

"Ndiyo maana, Sista. Wewe unaona ngozi tu."

Alihubiri utulivu, lakini ukivunja chaki alikuita majina ya wanyama wa pori, mmoja baada ya mwingine, mpaka afike kwenye kima. Alisema mwili wa binadamu ni mashine nzuri kuliko garimoshi, na hata hivyo hakupanda baiskeli maisha yake yote. Alidai mguu wake na jicho lake havijakubaliana. Na alikuwa na majivuno. Watu husema mimi nimejivuna kwa sababu ya Uganda. Si kweli. Niliondoka nayo hapahapa, kwake.

Niliporudi kwa treni ya Mwanza, suti nyeupe, viatu vyeupe, alikuwa amesimama stesheni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nionyeshe."

Nikamtolea diploma palepale, kati ya mizigo ya watu. Aliisoma mbele, akaigeuza.

"Nyuma hawajaandika kitu."

"Ndivyo zilivyo, Mwalimu."

"Basi nafasi bado ipo," akasema, akanirudishia.

Wiki ile ile Bwana Daktari, mzungu mkubwa wa hospitali yetu, aliniita. Mkaguzi wa misheni anakuja kutoka pwani, akaniambia, na anaamini kwamba dresa anahitaji bandeji tu. Atawauliza wanafunzi habari za neva. Wakijibu kama watu wanaoelewa, darasa litabaki. Wakijibu kama kasuku, litafungwa. Mimi, kwa kuwa na diploma, ningekuwa mkalimani. Nilikubali kwa furaha, nikaenda kukaa nyuma ya darasa nisikie wanafunzi wamefika wapi.

Somo lilikuwa mtu aliyekanyaga mwiba. Mwalimu alichora uzi mmoja kutoka mguuni mpaka mgongoni. Habari ya mwiba, akasema, inapanda kwa uzi huu. Na amri ya kuvuta mguu inashuka kwa uzi huuhuu.

"Kwa nini?" akauliza.

Darasa zima likaitikia: "Mpagazi harudi mikono mitupu."

Nikaikumbuka. Mimi pia niliitikia hivyo. Babu zetu walishuka pwani na pembe wakapanda na vitambaa na shanga, njia ileile, mabega yaleyale, na kwa Mnyamwezi mtu anayerudi bila mzigo ni mgonjwa au mwizi. Uganda nililisema hilo mbele ya mwalimu wangu, nikasahihishwa. Uzi mmoja hubeba upande mmoja. Kupanda kuna nyuzi zake, kushuka kuna nyuzi zake. Mkaguzi akiuliza habari za mwiba, na ni swali la kwanza linalomjia yeyote, darasa zima litamjibu vibaya kwa sauti moja.

Jioni nikaenda nyumbani kwake. Mkewe alikuwa akikaanga karanga.

"Mwalimu," nikasema taratibu, "kule Uganda wanafundisha kwamba uzi mmoja huenda upande mmoja tu."

"Waganda walikuwa wapagazi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi watajuaje? Mtu aende pwani arudi mikono mitupu? Hata huyu mama asingenifungulia mlango."

"Nisingefungua," mkewe akasema bila kugeuka.

Nikala karanga. Mtu aliyekufundisha kushika kalamu humsahihishi mara mbili, hata uwe na diploma ukutani na nyingine sandukuni. Lakini mila iliyonifunga mdomo ndiyo iliyonionyesha pa kutokea. Wanyamwezi na Wazaramo wa pwani ni watani tangu siku za misafara, na mtani hafungwi na heshima. Atakutukana msibani, atachukua kuku wako mchana kweupe, na atakuambia lile ambalo mwanao hawezi kukuambia.

Sokoni kulikuwa na fundi viatu, Mzaramo aliyekuja na reli akabaki. Mguu wake wa kushoto ulipooza utotoni baada ya homa, ukabaki mwembamba, hausogei. Lakini nilikuwa nimewahi kumwona akirukwa na nta ya moto kwenye mguu ule, na alipiga kelele. Mtu mwingine asingeliona jambo hilo. Mimi nililiona. Nikamweleza shida yetu.

"Kwa hiyo mguu wangu uende kumfundisha Mnyamwezi," akasema. "Utakwenda. Nao haujafanya kazi tangu utoto wangu. Mwambie alete viatu."

Kesho yake nikamleta Mwalimu, viatu mkononi.

"Karibu, mpagazi. Leo umetumwa na nani?"

"Shona, mla samaki. Na usije ukavivaa."

"Nitavaa kimoja, kinanitosha." Watu wa karibu wakaanza kusogea, utani wao ulijulikana soko zima. "Nasikia unawadanganya watoto wa watu kwamba njia ya kwenda ndiyo ya kurudi."

"Ndivyo ilivyo."

"Shika msumari huu. Choma kidole cha mguu huu uliolala. Choma kama mtani, si kama dresa."

Mwalimu alisita, kisha akachoma. Fundi akapiga yowe, akawataja bibi zake Mwalimu wote wawili na walichokuwa wakifanya. Mguu ukalala palepale kama wa mtu mwingine.

"Umesikia maumivu?" Mwalimu akauliza.

"Mpaka kwenye meno."

"Mbona hukuuvuta?"

"Nauvuta tangu mtoto. Hauji." Fundi akajipangusa jasho. "Haya, mwenye neva. Mzigo wangu umepanda, umefika salama, umesikia nilivyopiga kelele. Wa kurudi uko wapi? Kama njia ni moja, imebomokaje kwa wanaoshuka tu?"

Soko likacheka. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alikaa juu ya kigoda cha wateja, msumari bado mkononi, akautazama ule mguu.

"Wagonjwa wangu wa ukoma," akasema, kama anayezungumza na mguu. "Wanashika sufuria ya moto na hawajui wanaungua. Na vidole vinakunjika vizuri kabisa. Amri inashuka, habari haipandi. Nimewafunga bandeji miaka yote hiyo."

"Neva ni kama kamba, Mwalimu," nikasema nilipoona nafasi. "Ukiiona kwa macho ni moja. Ndani zimo nyuzi nyingi, hizi za kupanda, hizi za kushuka. Homa ya fundi ilikula seli za kushuka peke yake."

Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemtuma huyu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri. Ungelirudia wewe, ningekufukuza nyumbani kwangu."

"Na mimi nataka kuku," fundi akasema.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu aliingia darasani, akafuta ubao kwa mkono wake mwenyewe, akawasimulia wanafunzi kila kitu, pamoja na habari za bibi zake. "Mpagazi wa neva harudi," akasema. "Anayerudi ni mwingine, kwa njia nyingine. Mimi niliwapa vibaya. Futeni." Mwanafunzi mmoja akauliza, sasa Mkaguzi akija kesho waseme nini, maana wamezoea kuitikia lile la zamani na ulimi utateleza.

"Hamtasema," Mwalimu akajibu. "Tokeni nje."

Siku ya ukaguzi tulianza uani mapema. Mwalimu aliwapanga wanafunzi katika mistari miwili. Mstari mmoja ulitoka kwenye lango, ndiko mguuni kulikochomwa, ukaja mpaka kwenye kiti chake. Yeye mwenyewe alikaa pale akiwa seli ya uti wa mgongo. Mstari wa pili ulitoka kwenye kiti ukarudi langoni kwa upande mwingine. Mwanafunzi mmoja alisimama mbali, juu ya ngazi ya wodi, akiwa ubongo, na kati yake na kiti wakasimama wapokezanaji wengi kuliko wa mstari wa kushuka. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mwenzake, kwa sababu seli haishikani na seli. Kati yao kuna upenyo, na habari huvushwa kwa majimaji maalumu. Majimaji yetu yalikuwa mipira ya vitambaa, mmoja kwa kila mtu na miwili kwa Mwalimu. Ukidaka wa mwenzako unauweka chini, unamrushia anayefuata wa kwako. Kurusha nyuma ilikuwa marufuku.

Akahesabu watu kwa kidole, akakunja uso. Mstari wa kushuka haukuwa na mwisho.

"Umepungua msuli," akasema, akanitazama, suti nyeupe na viatu vyangu vyeupe. "Wewe, bwana diploma. Simama kule langoni uwe mguu."

"Mwalimu, mimi ni mkalimani."

"Mguu hauna lugha. Simama."

Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima Bwana Daktari alipotokea na Mkaguzi, mzee mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha bandarini. Alitazama mistari, akatazama mipira. Mwalimu akainuka, akamwamkia, akampa mwiba wa mgunga mkononi na kumwonyesha mwanafunzi wa kwanza. Mkaguzi akaelewa. Akamgusa yule kijana kiganjani, polepole, kama mtu anayejaribu chai.

Mpira ukaruka. Ukadakwa, mwingine ukaruka, mwingine, mpaka kwa Mwalimu. Mwalimu akarusha miwili kwa pamoja, mmoja kuelekea ngazini, mmoja kwenye mstari wa kushuka. Mpira wa kushuka ukanifikia mimi kwanza, nikauvuta mguu. Ndipo ubongo, ngazini, ukasema, "Inauma."

"Kwa nini huyu kwanza?" Mkaguzi akauliza.

"Jumbe wa kijiji hangoji Gavana nyumba ikiungua," Mwalimu akajibu, nami nikatafsiri kutoka langoni.

Mkaguzi hakucheka. Akatembea katikati ya mistari, mikono nyuma, akasimama kwenye ule wa kushuka. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akamshika bega kijana mmoja, akamtoa nje ya mstari, akarudi langoni na kuchoma tena. Mipira ikapanda. Mwalimu akarusha miwili. Wa kushuka ukafika penye pengo, ukaanguka mchangani.

"Inauma," ubongo ukasema. "Inauma sana."

Na mimi, mwenye diploma, nikasimama na mguu wangu chini, nikiwa nataka kuuvuta kuliko nilivyowahi kutaka kitu, nisiweze. Mkaguzi akanitazama mguu. Akautazama mpira mchangani. Nikaona uso wake unabadilika, kidogokidogo, kutoka kwenye macho kushuka mdomoni. Akamwita yule kijana, akamrudisha mahali pake kwa mikono miwili, akiangalia vizuri asimguse jirani.

"Tena," akasema.

Mwiba, mipira, kiti. Wa mwisho ukanipiga kifuani, nikainua mguu. Akasema tena, nikainua. Bwana Daktari akanisogelea polepole kutoka upande, akaninong'oneza kwamba Mkaguzi amekwisha kusema darasa libaki, na kwamba sasa anacheza tu. Nikamtazama Mwalimu kule kitini. Alikuwa amenyanyua mpira, anangoja, na nilipoushusha mguu alipiga kelele uani kote:

"Nani amekuambia ushushe?"

Nikauinua.